Birika Kumi na Tisa za Kasongo

Walisema sitaweza. Nayaandika maneno yao kama walivyoyatamka, kwa sababu nayakumbuka yote. Nilipoondoka kwenda kusoma Lubumbashi walisema nitarudi kabla viatu vyangu havijachakaa. Nilipomaliza masomo walisema nitabaki kulekule, nioe, nisahau njia ya nyumbani. Na niliporudi Kasongo na diploma yangu ya afya ya jamii ndani ya bahasha ya plastiki, mwuza makayabu mmoja wa soko kuu, mtu wa samaki wa chumvi mwenye sauti kubwa kuliko meza yake, aliinyanyua ile bahasha mbele ya wateja wake akasema:

"Diplome ni karatasi. Mimi pia niko na karatasi, nafungia samaki."

Watu walicheka sana. Nilicheka nao, maana mtu aliyesoma anajua kungoja.

Lililoniuma alilisema baadaye, mwaka ule ugonjwa mpya wa mapafu ulipofunga viwanja vya ndege vya dunia nzima, na ofisi ya afya ikanipa kazi ya kuwaeleza watu wetu yale ambayo watafiti walikuwa wanayagundua. Alisema: "Huyu hataweza. Utafiti ya wazungu haitaingia mu kichwa ya mutu wa Kasongo. Na kama inaingia, haitafika Salamabila, kule ku machimbo."

Iliingia. Ilifika. Nitaeleza ilivyofika, na nitawataja walionifikisha, ila bila majina, kwa sababu mmoja wao aliniomba hivyo, na nikaona ni haki kuwafanyia wote.

Kwanza mimi ni nani. Nilizaliwa Lusangi, katika nyumba ya wakulima wa mpunga na mihogo. Lubumbashi nilibeba saruji, niliosha magari, nilipanga chupa katika ghala la mtu ambaye hakuwahi kuniuliza nasoma nini. Mwalimu mmoja alinishauri nipumzike mwaka mmoja nitafute nguvu. Nilimjibu kwamba nitapumzika siku ya kuvaa joho. Nililivaa, na lilinipendeza. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kulivaa, na mpaka leo niko peke yangu, ingawa nawasukuma wadogo zangu waje waninyang'anye sifa hiyo.

Nikisema nilijitengeneza mwenyewe sisemi uongo, ila nampunja mtu mmoja. Wazazi wangu walifariki mapema, nikalelewa na dada mkubwa wa mama yangu, ambaye kwetu ni mama mkubwa. Alinunua samaki wa Lualaba kutoka kwa watu wa Nyangwe, akawakausha kwa moshi nyuma ya jiko, akawauza vijijini. Nilikula samaki hao, nikasoma kwa samaki hao, na moshi wao ukabaki kifuani mwa mama mkubwa. Akipanda mteremko mdogo wa kutoka kisimani husimama mara mbili kupumua.

Kwa hiyo redio iliposema kwamba ugonjwa huu unawaonea zaidi wazee na wenye vifua vibovu, majirani zangu walisikia habari za Kinshasa na Ulaya. Mimi nilisikia habari za nyuma ya jiko letu. Nilitaka watu wote wanielewe, ndiyo, lakini nisingedanganya mtu: nilitaka kwanza anielewe yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyaraka za wataalamu zilikuja kwa simu. Kupata rezo, mtandao wa simu, nilipanda kilima kilicho nyuma ya kanisa, na waraka mmoja ulichukua muda wa kuivisha maharage kabla haujashuka wote. Nyingi zilikuwa za Kifaransa, nyingine za Kiingereza, nikazisoma zote kwa kamusi, jambo ambalo sijui nani mwingine katika mji wetu alilifanya. Kisha ukaja ugumu ambao shule haikunifundisha: kuchukua ukurasa wenye maneno kama "huenda", "inaonekana", "kwa sasa", na kuupeleka kwa watu wanaotaka kusikia ndiyo au hapana.

Siku yangu ya kwanza redioni msikilizaji mmoja alipiga simu, akaniita papa, yaani baba, kama kwetu tunavyoheshimiana.

"Papa wa afya, jambo."

"Jambo sana, papa."

"Unasema ugonjwa iko. Utuonyeshe mugonjwa mumoja. Mumoja tu."

Sikuwa naye. Tulikuwa na malaria, tulikuwa na surua, watu walizika watoto kwa magonjwa wanayoyajua kwa sura, na mimi nilikuja na ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa amepimwa kwetu. Nilijaribu kueleza kwamba mtu anaweza kuwa nao asijisikie kuumwa. Yule papa akasema, kwa upole kabisa, "Basi huyo mutu iko muzima," akakata simu.

Ndipo nilipoamua kuacha yale magumu nishike jepesi: nawa mikono. Nilijirekodi mwenyewe, kwa sauti ambayo mpaka leo watu wanaisifu, na redio ikairusha kati ya wimbo na wimbo. Nawa ukitoka sokoni. Nawa kabla ya kula. Nawa ukifika kwa mtu. Baada ya wiki mbili nilikuwa siwezi kupita barabarani bila mtu kuniita "Nawa!" kama jina la ubatizo. Nilivimba kichwa. Nikaona kumbe kufahamisha umma ni kazi rahisi kwa mtu mwenye kipaji.

Kisha mzee mmoja wa Lusangi, jirani yetu, akafariki kwa ugonjwa wake wa siku nyingi, nikaenda kwenye kilio. Mlangoni mwa uwanja wa msiba niliona beseni kubwa la buluu, limejaa maji, na kipande cha sabuni juu ya tofali. Watu walipanga mstari. Kila mmoja aliinama, akatumbukiza mikono, akaisugua, akaingia kulia na wenzake. Pembeni ya beseni alisimama mama mkubwa, kitenge amekikaza kiunoni, kama askari wa kizuizi.

"Hapa hapiti mutu bila kunawa," alisema aliponiona. "Umesema mu redio, sisi tumefanya. Nawa, mwanangu."

Maji yalikwisha kuwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Na mimi, mwenye diploma, niliinama nikanawa humo. Sikuona kosa lolote. Kwetu ndivyo tunavyonawa tangu nizaliwe: kabla ya bugali beseni moja linazunguka, anaanza mkubwa, linamaliza kwa mdogo, na kukataa kunawa baada ya mwenzako ni kumtukana. Nilipiga picha ya ule mstari nikaituma kwa mkubwa wangu wa ofisi na maneno "Kazi inaonekana". Naye alinipongeza, maana naye ni mtu wa hukuhuku.

Wiki haikuisha, macho ya Lusangi yakawa mekundu. Yalivimba, yakatoa machozi, yakagandana asubuhi. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliniita akanieleza akiwa anaosha vyombo vyake.

"Beseni moja, mikono ya watu wote. Halafu mutu anaingia anafanya nini?"

"Anakaa."

"Analia, bwana! Ni kilio! Analia, anapangusa macho na ile mikono." Akanitazama. "Na wewe macho yako iko namna gani?"

Yangu yalikuwa kama nyanya.

Wakaupa ugonjwa jina: macho ya diplome. Jina lilifika Kasongo kabla yangu. Nilipopita sokoni nikiwa nimevaa miwani ya jua, mwuza makayabu alisimama juu ya kigoda chake akapaza sauti: "Nawa! Nawa! Toa miwani tuone utafiti!" Na soko lote, hata wanawake wa mawese ambao siku zote walinitetea, wakashika mbavu.

Hilo ningelivumilia. Nimechekwa na watu wengi, na wengi wao sasa wananiomba niwasomee barua. Lililonishinda ni mama mkubwa. Nilimkuta amekaa mlangoni, kitambaa kibichi usoni, kifua kinapanda na kushuka. Hakunigombeza.

"Mutoto wangu," alisema, "nilikuamini, macho yangu ikavimba. Kesho ukikuja na maneno ya kifua, nitakuamini na nini?"

Nilirudi Kasongo, na kwa siku kadhaa niliacha redio ipige nyimbo tu.

Aliyenitoa pale ni mjane mmoja wa mtaa wa Waislamu, jirani wa nyumba niliyopanga. Familia yake iko mjini tangu zamani za misafara, na kwake mgeni hali mpaka anyweshwe chai kwanza. Aliniita kula wali. Nilipoketi kwenye mkeka alikuja na bakuli tupu mkono mmoja na birika mkono wa pili, birika ya bati ya zamani, shingo ndefu kama ya kanga.

"Leta mikono."

Nikaitoa. Akamimina. Maji yakapita juu ya vidole vyangu, yakaangukia bakulini, akaenda kuyamwaga nje. Akarudi, akammiminia shemeji yake aliyekuwa amekaa karibu nami, maji mengine, mapya. Nilibaki nimeinua mikono hewani, inadondoka.

"Nini?" aliuliza mjane. "Hujaona maji?"

"Mama," nilisema, "naomba uniazime hii birika."

Nilimweleza kila kitu, na beseni, na macho. Nimekula katika nyumba za Waislamu tangu utoto, nimemiminiwa maji pengine mara mia, na sikuwahi kuona nilichokuwa naona. Ndoo za bomba tulikuwa tumeahidiwa na wakubwa, lakini zilikuwa zimekwama Kindu zikingoja barabara ikauke. Birika zilikuwa hapa, katika kila nyumba ya mtaa ule, kwa ajili ya udhu na wageni.

Mjane alifikiri. "Hii ilikuja na ndoa yangu," alisema. "Mume wangu alinawia hii siku ya kwanza na siku ya mwisho. Ikipotea, usipite tena mbele ya nyumba yangu."

"Haitapotea, mama."

"Na mfuniko."

"Na mfuniko."

Yeye ndiye aliyenipitisha kwa wanawake wenzake. Walikuwa na maneno, hasa walipojua zinakwenda Kabambare mpaka kwenye machimbo, lakini walitoa. Ili zisichanganyike, kila mwenye birika alichana utepe wa kitenge chake cha zamani akaufunga kwenye mkono wa birika yake. Wa mjane ulikuwa wa zambarau. Nilipata kumi na nane. Ya kumi na tisa aliitoa mwuza makayabu, yenye ufa, bila mfuniko, mbele ya watu.

"Chukua, nione," alisema. "Salamabila wanauza hata meno ya mutu akilala. Ukirudi na hata birika moja tu, mimi nafunga samaki na diplome yangu, kama nilikuwa nayo."

Tuliondoka, mimi na wenye pikipiki wawili, birika zimening'inia pande zote, zikigongana kiasi kwamba kila kijiji walitoka kuuliza bei. "Haziuzwi, mama." "Basi kwa nini munapiga kengele?"

Lusangi niliomba watu wakusanyike palepale lilipokuwa beseni. Kusema "nilikosea" mbele ya watu waliokuona ukikua bila suruali ni kugumu kuliko mtihani wowote niliofanya, na mitihani nilifanya mingi na kupita yote. Nilisema maneno ya redio yalikuwa ya kweli lakini nusu: niliwaambia wanawe mikono, sikuwaambia maji yaliyogusa mkono wa mmoja yasiguse mkono wa mwingine. Nikachukua birika ya zambarau nikamimina, nikianza na mama mkubwa. Alinyoosha mikono bila kunitazama. Macho yake yalikuwa yamepona.

"Ungesema hivi kutoka mwanzo," alisema. "Hii si ngumu."

Tulimwachia birika mbili za kuanzia, tukaendelea.

Kabambare nilipata msaidizi, katekista mzee aliyegeuza maneno yangu kwa Kibangubangu. Mimi nikisema sentensi moja, yeye alihubiri mpaka jua likasogea. Nilimuuliza anaongeza nini. "Siongezi," alisema. "Wewe unasema kunawa. Mimi naeleza kwanza kwamba haujatumwa kuhesabu wafu, haulipwi kwa kila jina, na ninyi ni wa ukoo gani. Bila hivyo watakuangalia mudomo tu." Nikaelewa kwa nini papa yule wa simu alikata. Alitaka ujuzi, lakini alitaka kwanza kujua unatoka kwa nani. Kitu hicho hakikuwa katika nyaraka zangu hata moja, na namshukuru katekista kwa kuniongezea bila kuniambia.

Ni hukohuko Kabambare nilipopanda juu ya mwamba kutafuta rezo, ukashuka waraka mpya. Niliusoma mara tatu. Wataalamu walikuwa wanasema sasa kwamba ugonjwa huu unapita zaidi kwa pumzi tunazovuta, hasa ndani ya nyumba zilizofungwa, na kwamba mikono na vitu tunavyogusa havina uzito tuliodhani mwanzoni.

Nilikaa juu ya ule mwamba. Chini yangu zilikuwa birika kumi na saba, zimefungwa tepe za wanawake wa watu. Nimechekwa kwa beseni, nimeomba radhi, nimezungusha birika nchi nzima, na sasa niende Salamabila niseme mikono siyo jambo kubwa? Nilijiambia nitanyamaza. Nani angejua? Ni mimi peke yangu ninayesoma.

Lakini nilimkumbuka mama mkubwa. Kila Alhamisi alasiri kikundi chake cha maombi hukutana chumbani mwake, wanawake wengi wamebanana, wanaimba kwa nguvu, na mlango wanaufunga kwa sababu ya mbuzi. Nikinyamaza, atawamiminia wote maji, mikono yao itang'aa, kisha atafunga mlango na kifua chake kile. Nikashuka.

Salamabila ni mji usio na subira. Watu wanatoka mashimoni na udongo mpaka kwenye nyusi, wanataka kula, wanataka kuuza. Nilisimama kwenye uwazi karibu na mto mdogo wanaposafishia mchanga wa dhahabu, nikaonyesha birika, nikamimina, wakapenda. Wenye mashimo wakaomba wabaki nazo siku chache za mafundisho. Kisha nikasema ya waraka mpya: hewa, nyumba zilizofungwa, kashene, barakoa ya kitambaa, puani pale mnapobanana.

Mchimbaji mmoja kijana, mrefu, akaanza.

"Ngoja, docta. Mwezi ule ulisema mikono."

"Ndiyo."

"Leo unasema pua."

"Mikono bado inafaa, kwa tumbo, kwa macho..."

"Kesho ni magoti?" Watu wakalipuka. "Na ile macho ya Lusangi tumesikia! Docta, mwezi ujao ukuje utuambie ni kisigino!"

Nilianza kujibu kwa Kifaransa. Ni aibu kusema, lakini ndivyo nilivyofanya. Nikishikwa pabaya ulimi wangu unakimbilia diploma. Wakaanza kutawanyika. Nilikuwa nimewapoteza, na nikajua hata Lusangi nitashindwa vilevile, kwa swali lilelile.

Mwanamke mmoja alikuwa ameinama majini karibu nasi, karai mikononi, hakuacha kazi tangu nianze. Alinyanyuka, akashika kiuno.

"Wee mrefu," alisema, "njoo. Hii ni nini?"

"Mchanga, mama."

"Karai ya kwanza nikisafisha nikakuta inang'aa, nakwenda kuuza palepale?"

"Hapana."

"Nafanya nini?"

"Unarudisha maji."

"Narudisha maji, nasafisha tena. Mara nyingine ile nilifikiri ni dhahabu inaondoka na maji. Nalia? Mimi ni muongo? Ile inabaki mwisho ndiyo yangu." Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu naye anasafisha. Anakuambia ile imebaki mpaka leo. Unataka akudanganye karai ya kwanza ndiyo ya mwisho?"

"Na kama mwisho haiko kitu?"

"Atasema haiko kitu. Ni wewe peke yako hapa unauza mchanga."

Nadhani kulikuwa na habari nyuma ya maneno hayo, kwa sababu kicheko kilichotoka hakikuwa cha kunicheka mimi tena, kilikuwa cha kumcheka yule mrefu, na kila mtu alirudi kukaa. Nilimaliza mafundisho kwa utulivu. Waliuliza maswali ya maana: je, mdomo wa shimo ni nyumba iliyofungwa? Nani aingie na nani angoje nje? Niliyajibu niliyoyajua, na yale nisiyoyajua nilisema, "Bado tunasafisha." Hakuna aliyecheka.

Nilimfuata mama yule kumshukuru, nikamwambia nitayatumia maneno yake redioni na kusema yametoka kwake.

"Tumia," alisema, "lakini jina langu hapana. Kuna watu Kasongo wakinisikia mu redio watajua pa kunipata."

Siku ya kuondoka tulikusanya birika. Moja haikuonekana. Nilizipanga chini, nikapitisha macho kwenye tepe, nikazipitisha tena. Ilikosekana ya zambarau. Tulizunguka mashimo mpaka mwenye pikipiki akakasirika, kila mtu anasema iko kwa mwingine. Nilimwachia ujumbe mama wa karai, nikaondoka.

Lusangi nilifika Alhamisi, bahati yangu. Mama mkubwa alikuwa anapanga viti chumbani. Nilimwambia yote, kwamba wataalamu wameongeza ujuzi, kwamba hatari ya kifua chake iko katika chumba hiki na mlango huu.

"Kwa hiyo mikono ilikuwa bure?"

"Hapana, mama. Mikono ni kwa macho na tumbo. Hewa ni kwa kifua."

Akakaa kwenye kiti kimoja, akapumua anavyopumua.

"Mara ya kwanza nilikosea nikawaacha mjionee kwa macho yenu," niliendelea. "Mara hii nimekuja kabla."

"Ndiyo hiyo naangalia," alisema. "Umekuja kabla." Akasimama, akajitwika kiti kichwani. "Shika kile kingine. Mbuzi watafungwa kamba, si sisi kufungiwa mlango."

Wanawake wa maombi walikaa kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, mbalimbali, na waliimba mpaka watu wa barabarani wakasimama. Nilibeba viti vyote mwenyewe. Sijawahi kubeba saruji kwa furaha kama ile.

Miezi iliyofuata kikohozi kibaya kilipita vijiji vyetu. Sijui kama ni ugonjwa ule. Hakuna aliyepimwa, na mtu wa utafiti hasemi asichokipima. Najua tu kwamba Alhamisi ziliendelea nje, na mama mkubwa alikohoa kama anavyokohoa siku zote, si zaidi, na bado anasimama mara mbili akitoka kisimani.

Pamoja na zile mbili za Lusangi, ambazo mama mkubwa alinirudishia alipopata zake, birika zilibaki kwangu kumi na nane. Sikutaka kurudisha pungufu. Kila asubuhi nilipita njia ya mzunguko nisikutane na mjane, mimi mwenye diploma, nikiruka mitaro nyuma ya nyumba za watu. Kisha, siku moja mchana, pikipiki ikasimama mlangoni. Mwenye pikipiki alikuwa mwekundu wa vumbi, akatoa kifurushi cha gunia.

"Inatoka Salamabila. Mama mumoja wa karai amesema ilikuwa ndani ya shimo, wachimbaji walikuwa wanaficha, wanapenda kunawia kabla ya kula. Amewanyang'anya."

Ilikuwa na mkwaruzo mpya ubavuni. Utepe wa zambarau ulikuwepo, na pembeni yake umefungwa utepe mwingine wa kijani. Mfuniko ulikuwepo, umefungwa kwa uzi.

Siku ileile nilivaa shati langu la kuhitimia, nikazibeba zote kumi na tisa kwenye toroli, nikapita barabara kuu, si ya nyuma. Nilianza sokoni. Mwuza makayabu aliipokea birika yake yenye ufa, akaigeuza huku na huku akitafuta kasoro mpya, hakupata.

"Ile ya mjane?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Akazihesabu tepe zote kwa kidole, polepole, midomo inacheza, mpaka mwisho. Kisha akafunga makayabu mawili makubwa ndani ya karatasi, akanisukumia kifuani, akageukia mteja.

Nilikwenda nyumba hadi nyumba. Kila mwanamke alifungua utepe wake mwenyewe, akaangalia ndani ya birika, akauliza ilifika wapi, na nilimwambia: hii ilinawisha mikono ya Lusangi, hii ilikaa kwa katekista, hii iliingia machimboni. Walipenda kusikia. Mmoja aliomba nirudie mbele ya mume wake.

Mjane nilimweka wa mwisho. Aliitazama birika muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye mkwaruzo, akafika kwenye utepe wa kijani.

"Hii ya nani?"

"Ya mama mmoja wa Salamabila. Bila yeye isingerudi."

"Anaitwaje?"

"Hakutaka niseme."

Aliufungua ule wa zambarau akauweka kando. Wa kijani aliuacha, akaukaza fundo. Kisha akaingia ndani, nikasikia maji yanaingia kwenye bati, akatoka na birika mkono mmoja, bakuli tupu mkono wa pili.

"Wali uko tayari," alisema. "Leta mikono."